Kidole Gumba Kwenye Muundi wa Mwadhini

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeuweka moyo kifuani mwa binadamu, akauzungushia mbavu kama ua, akauamuru upige tangu tumboni mwa mama, nao ukatii. Hauombi likizo. Haungoji kuamshwa. Mimi nimestaafu mwezi uliopita, nikapewa chai, keki na hotuba tatu ndefu, lakini moyo wangu bado uko kazini, na utaendelea hadi Yeye mwenyewe atakapouambia basi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, na jamaa zake, na masahaba zake.

Wadogo zangu wa wodi mmeniomba niwaandikie habari za kazi yetu ilivyokuwa siku za Mwingereza, miaka ya hamsini, nilipoanza udresa, kazi ya kumsaidia daktari wodini, hapa Tanga. Habari za vyeo sitaziandika, maana mlizisikia kwenye hotuba, na nusu yake sikuzijua hata mimi. Nitawaandikia habari za mwalimu wangu, za mgonjwa mmoja, na za kosa langu. Kosa hilo nimelificha miaka mingi. Sasa nimekwisha kukabidhi funguo, hakuna wa kunifukuza.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Mihayo, Mnyamwezi, dresa mkuu wa wodi ya wanaume. Alikuja pwani akiwa kijana kukata mkonge, akaona mkonge unamkata yeye, akahamia hospitali. Siku yangu ya kwanza nilimkuta anachemsha sindano za kioo. Nikamwamkia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Moyo uko wapi?"

Nikaweka mkono kifuani upande wa kushoto, karibu na kwapa.

"Hapo ni mfuko wa shati," akasema. "Moyo uko katikati, umeegemea kushoto kidogo, kama mtu aliyelala kwenye kitanda cha kamba kilicholegea. Ukubwa wake ni ngumi ya mwenyewe. Funga ngumi tuone."

Nikafunga. Akaitazama kwa huruma.

"Basi na wewe Mungu atakusaidia."

Wiki ile ile alileta moyo wa ng'ombe kutoka machinjioni, umefungwa kwa jani la mgomba, akauweka juu ya meza nyuma ya wodi, akachukua kisu na birika la maji. Sijapata kufundishwa vizuri kama siku ile. "Hii ni nyumba ya vyumba vinne," alisema. "Viwili vya juu vinapokea, viwili vya chini vinasukuma. Upande wa kulia unapokea damu iliyochoka, inayorudi kutoka mwilini, unaisukuma kwenye mapafu ikapate hewa. Ikishapata hewa inarudi upande wa kushoto, na huo ndio unaoisukuma mwili mzima, utosini mpaka unyayoni. Shika ukuta wa kushoto. Sasa shika wa kulia. Unaona? Wa kushoto ni mnene, kwa sababu safari yake ndefu. Wa kulia unakwenda kwa jirani tu."

Kisha akamimina maji kwa birika, nikaona vijilango vinne vyembamba vinajaa na kujifunga. "Milango hii inafunguka upande mmoja," akasema. "Damu ikishapita hairudi. Ni kama nyumbani kwa mama mkwe wangu, ukishatoka huingii tena. Zile sauti mbili unazosikia kifuani ni milango inajifunga. Jozi ya kwanza, jozi ya pili. Mgonjwa akikuuliza unasikiliza nini, mwambie unasikiliza milango."

Akaniambia niuchukue ule moyo nyumbani nikausome, kesho ataniuliza. Nikauchukua. Nikauweka kwenye bakuli, nikaufunika, nikaenda kuswali Isha. Kurudi nikakuta mama amekwisha kuukaanga kwa kitunguu na bizari, naye anashukuru kwamba mwanawe wiki ya kwanza tu ya kazi amekumbuka kuleta kitoweo. Ningefanya nini? Nilikaa nikala.

Asubuhi Mzee Mihayo akauliza, "Mshipa mkubwa unaotoka upande wa kushoto uko wapi?"

"Tumeula, Mzee."

"Na vali, vile vijilango?"

"Zilikuwa ngumu kidogo."

Hakucheka. Akaniambia niandike kwenye daftari kwamba nimemaliza somo la moyo, na nimelimeza lote.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Kile kipira cha kusikilizia kifua kilikuwa cha Daktari, Mzungu mrefu mpole aliyetembea ameinama kama anatafuta kitu sakafuni. Sisi tulilaza sikio juu ya kitambaa. Saa ya ukutani haikuwa na mshale wa sekunde, kwa hiyo mapigo nilihesabu kwa tasbihi, kila mapigo kumi punje moja, mpaka mshale wa dakika usogee. Sista mmoja Mzungu aliniona nimeshika mkono wa mgonjwa na tasbihi, midomo inacheza, akamwambia Daktari kwamba yule kijana huwaombea wagonjwa wote, mmoja mmoja. Sikumsahihisha. Tena sikuona kwamba amekosea sana.

Kifaa kikubwa kuliko vyote, alisema Mzee Mihayo, ni kidole gumba. Moyo ukichoka kusukuma, damu inakaa foleni kwenye mishipa, maji yake yanavuja na kuingia nyamani, yanashuka miguuni. Bonyeza muundi wa mgonjwa, mfupa wa mbele wa mguu, kwa kidole gumba, hesabu mpaka kumi, ondoa. Kama panabaki shimo, maji yapo. Likiwa dogo, maji ni kidogo. Likiwa unaweza kuweka punje ya mhindi ikatulia, mwite Daktari. Mpaka leo sijaona mashine inayosema kweli kuliko kidole hicho.

Ndipo akaja Mzee Bakari.

Mzee Bakari alikuwa Mdigo, mwadhini wa msikiti mdogo wa Makorora, na sauti yake tuliijua sote. Siku hizo hakukuwa na vipaza sauti. Mwadhini alipanda ngazi kumi na mbili ubavuni mwa msikiti, akasimama juu, na alichokuwa nacho kifuani ndicho kilichofika kwa watu. Chake kilifika mpaka mtaa wa Nguvumali. Wanawake walipakua chakula kwa sauti yake. Aliletwa kwetu anahema amekaa, hawezi kulala bila mito mitatu, miguu imevimba kama magunia. Nilibonyeza muundi. Punje ya mhindi ingelala pale raha mustarehe.

"Nimekatika pumzi katikati ya adhana," aliniambia, na machozi yalimlengalenga. "Nimefika Hayya alal falah, nikaishiwa. Athumani akaimalizia kutoka chini."

Athumani alikuwa rafiki yake tangu madrasa, na kwa muda wote huo alitaka kuadhini. Imamu alikwisha kusema neno lake, kwa upole lakini amelisema. Ikiingia Ramadhani Mzee Bakari hawezi kumaliza adhana kwa pumzi zake, kazi itakwenda kwa Athumani. Ilikuwa imebaki miezi minne na siku chache. Mzee Bakari hakuwahi kuniuliza kama atakufa. Aliniuliza kama atapanda ngazi.

Daktari akasikiliza, akaandika vidonge vya kuupa moyo nguvu na sindano ya kumtoa maji. Sindano ile ilikuwa kali. Mgonjwa alikwenda chooni mpaka akawa anawaamkia njiani watu wale wale mara tano. Na zaidi ya yote, Daktari akasema, asile chumvi. Chumvi inashika maji mwilini, na maji yakizidi moyo unasukuma mzigo usiouweza. Kazi ya kumweleza mkewe, Bi Mwanaidi, nilipewa mimi.

Nikamweleza vizuri. "Bi Mwanaidi, usitie chumvi chunguni. Hata chembe."

"Hata ya wali?"

"Hata ya wali."

"Haya, mwanangu. Kama ndiyo dawa, naapa mbele ya Mungu sitatia."

Siku kumi na tano Mzee Bakari akakauka, akatoka anatembea. Baada ya wiki tatu akarudi, miguu magunia. Tukamkausha tena, akaenda. Akarudi tena. Tukamkausha mara ya tatu, akaenda, na siku chache baadaye Daktari akatuita mimi na Mzee Mihayo pembeni. Akasema kwa Kiswahili chake cha kuchagua maneno, "Vidonge nimeongeza, siwezi zaidi, vitakuwa sumu. Kama nyumbani kweli hawatii chumvi, basi ni moyo wenyewe umefika mwisho. Akirudi safari ya nne, sijui."

Akanigeukia. "Wewe umekwenda nyumbani kwake?"

"Nimekwenda mara mbili, Bwana."

"Chumvi?"

"Haitiwi, Bwana. Nimeona jikoni kwa macho yangu, kile kibuyu cha chumvi wamekitoa nje. Na nimekula."

Nilisema kweli. Nilikula mara zote mbili. Bi Mwanaidi alinikaribisha, nami nikaona ni sehemu ya uchunguzi. Chakula kilikuwa kitamu mno, nikamsifu kwamba hata bila chumvi mkono wake ni mkono. Nikaandika kwenye faili kwa mwandiko mzuri: chakula hakina chumvi. Maandiko yale yapo mpaka leo kama mchwa hawakuyafikia, na Mungu awape mchwa nguvu.

Tulipotoka Mzee Mihayo akasema, "Kesho Ijumaa. Baada ya swala tutakwenda kumzika Mdigo wangu."

"Hajafa, Mzee."

"Ndiyo vizuri. Wakifa hawana mchezo."

Lazima niwaeleze vijana wa leo. Mnyamwezi na watu wa pwani ni watani, tangu siku za misafara ya babu zao. Mtani anaingia kwako bila hodi, anakutukana, anachukua kuku wako mbele ya macho yako, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, aibu ni yako. Dresa akiingia jikoni kwa mke wa mtu ni ukosefu wa adabu. Mtani akiingia ni haki yake.

Basi Ijumaa tukafika Makorora. Mzee Mihayo amevaa kanzu yake nzuri, amebeba jembe begani. Mlangoni akaanza kulia kwa sauti ya kukodiwa: "Uuuwi! Mdigo wangu! Uuuwi! Yuko wapi maiti nimchimbie?"

Majirani wakatoka. Mzee Bakari alikuwa amekaa kitandani barazani, ameegemea mito, miguu imeanza tena kujaa. Akamwona, akaanza kucheka kabla ya kupata pumzi.

"Sijafa, we mtumwa wa mkonge!"

"Hujafa? Na mimi nimekuja na jembe! Umenipotezea Ijumaa yangu. Sogea huko, nipime urefu wako nisije kuchimba zaidi." Akajilaza ubavuni pake kitandani, akanyoosha miguu. "Loo, umefupika. Nitachimba nusu."

"Mwanaidi! Njoo umwondoe huyu!"

"Simwondoi," Bi Mwanaidi akajibu kutoka ndani, anacheka. "Mtani wako huyo, si wangu."

Kwenye kiti cha pembeni alikuwa amekaa Mzee Athumani, yule rafiki mwenye hamu ya kuadhini, na mkononi ana kifurushi cha gazeti. Mzee Mihayo akamtazama, akainusa hewa, akaamka kitandani.

"Maiti anayesema hajafa, mtani wake hula chakula chake," akatangaza, akaingia ndani moja kwa moja mpaka uani, jikoni. Nikamfuata nimeinama kwa haya. Bi Mwanaidi alitupisha. Angefanyaje? Mzee Mihayo akafunua chungu.

"Hiki nini?"

"Mchuzi wa nazi, Mzee."

"Ndani yake?"

"Papa."

Nawaombeni mnielewe. Mimi nimezaliwa Tongoni, ufukweni. Kwetu papa mkavu ananing'inia jikoni kama nguo kambani. Nimeonjeshwa papa kabla sijaota meno. Mtu akisema chumvi, mimi naona unga mweupe kwenye kibuyu. Akisema papa, naona samaki. Haikunipitikia hata siku moja kwamba yule papa, kabla ya kuanikwa juani, hulazwa kwenye chumvi siku kadhaa mpaka amwage maji yake yote, akaiva kwa chumvi tu. Nilikuwa nimekaa pale nikala kipande baada ya kipande, nikaandika kwenye faili hakuna chumvi.

Mzee Mihayo akachovya kidole, akaonja, akafumba macho kama aliyechomwa sindano. Hakunitazama. Akamwuliza Bi Mwanaidi, kwa upole sasa, utani umekwisha, "Mama, mgonjwa anamla huyu papa mara ngapi?"

"Kila siku, baba. Tangu aumwe hakuwa na hamu ya chakula kisicho na chumvi. Kwa papa ndipo anapata tonge mbili tatu. Lakini chumvi sijatia! Wallahi, uliza jirani!"

"Najua hujatia." Akachukua kipande kikavu kilichokuwa kinaning'inia, akakitia kwenye bakuli la maji. Tukatoka barazani. Akapiga soga kidogo na majirani, akamtukana Mzee Bakari mara mbili, kisha akaleta lile bakuli, akalipitisha kama kahawa. Kila mtu akaonja maji. Nikaona nyuso zinakunjamana moja baada ya nyingine, mpaka bakuli likafika kwangu. Nikaonja. Ilikuwa bahari.

"Ninyi watu wa pwani," Mzee Mihayo akasema, "mmelelewa nayo, mnaivaa, mnaipumua. Mnyamwezi akila papa anakunywa kisima kizima. Dresa wangu huyu amekula akaomba kuongezwa."

Watu wakaangua kicheko, lakini Bi Mwanaidi akakaa chini palepale, akajifunika uso kwa kanga. "Kumbe ninayemuua ni mimi." Na kabla hatujamfikia, ikasikika sauti ya pili ya kilio, sauti ya mtu mzima mwanamume. Ilikuwa ya Mzee Athumani. Kile kifurushi cha gazeti kilikuwa papa. Kila Ijumaa, tangu rafiki yake aanze kuugua, alikwenda soko la samaki kumchagulia kipande kilicho bora, apate hamu ya kula.

Sote tulijua anachokitaka Athumani, na wengine walianza kutazamana. Mzee Bakari akamwita akae kitandani.

"Athumani. Wewe ungetaka kuniua ungeniimbia adhana yako. Papa ni wa nini?"

Hapo ndipo Athumani alipocheka katikati ya machozi, na mimi nikapata ujasiri wa kusema, "Kosa ni langu. Mimi niliwaambia wasitie, sikuwaambia kilichokwisha kutiwa."

"Nyamaza," akasema Mzee Mihayo. "Wewe bado unalo jasho la mchuzi."

Papa wote wa nyumba ile aliwachukua yeye, haki ya mtani. Siku ile Bi Mwanaidi akaanza kupika changu mbichi kwa ndimu, ukwaju na pilipili manga, na Athumani akawa analeta ndimu. Mzee Bakari akalalamika kwa haki zote za mgonjwa. Alisema samaki yule ana ladha ya samaki wa kwenye picha. Lakini kila asubuhi nilipita kabla ya kazi, nikabonyeza muundi, nikahesabu mpaka kumi. Wiki ya kwanza punje ya mhindi. Kisha ya mtama. Kisha kivuli tu cha kidole. Mito ikawa miwili, ikawa mmoja. Daktari akasikiliza kifua, akaniuliza tumebadilisha nini. Mzee Mihayo akajibu kabla yangu, "Dresa huyu aligundua chumvi ya kujificha, Bwana." Daktari akanipa mkono. Sikusema kitu. Hilo ndilo kosa langu, vijana, kubwa kuliko lile la papa, na ndiyo maana naandika.

Mwezi wa Ramadhani ulipoandama, Magharibi ya futari ya kwanza, nusu ya Makorora ilisimama nje ya msikiti. Mzee Bakari akapanda. Ngazi tatu, akapumzika. Tatu nyingine, akapumzika. Athumani alimfuata nyuma amebeba kigoda, na kwenye kila kituo akakiweka, Bakari akakaa, akainuka. Mzee Mihayo alisimama chini, ameshika jembe lake, kwa tahadhari, alisema. Mimi nilishika tasbihi, lakini kwa kweli sikuwa nahesabu mapigo ya mtu.

Akaadhini. Haikufika Nguvumali. Ilifika mwisho wa mtaa tu, na ilitosha. Alipofika Hayya alal falah akasimama kidogo, na nikamwona Athumani kule juu anavuta pumzi, kisha anaziba mdomo wake kwa kiganja. Bakari akaendelea. Akamaliza yote, mpaka neno la mwisho, kwa pumzi zake mwenyewe. Athumani akamwekea tende mkononi. Aliposhuka, la kwanza aliloniuliza lilikuwa, "Sasa, Dresa, siku ya Idi, kipande kidogo tu cha papa?"

Aliadhini Ramadhani ile na nyingine kadhaa, kwa kigoda na kwa ndimu. Mungu alipomchukua, alimchukua amelala, kwa mto mmoja. Alikuwa amekwisha kuusia kwamba adhana ni ya Athumani. Wakati wa kumwosha, mtani akadai nafasi yake, na mimi nikawa namimina maji. Mzee Mihayo alifanya kazi yote kwa ukimya na adabu. Mwisho, kabla ya sanda, akaweka kidole gumba kwenye muundi, akabonyeza, na midomo yake nikaiona inahesabu mpaka kumi. Akaondoa. Tukainama sote kutazama.

"Hakuna shimo," akasema. "Mdigo wangu ameondoka mkavu. Mpitisheni."

Ewe utakayesoma haya, Mwenyezi Mungu aulinde moyo wako na milango yake yote minne, ajaalie damu yako iende na kurudi kwa heri, akupe mtani wa kufunua chungu chako kabla hujachelewa, na siku pumzi zako zitakapokuwa chache, akuwekee nyuma yako mtu wa kubeba kigoda. Amina.